Nichukue mkopo wote wa Sacco nijenge vyumba vya kupangisha Joska?

Kwako mshauri,

Pokea salamu kutoka Umoja. Mimi ni mama wa pacha walio Gredi ya 6, na ninafanya kazi ya maabara katika hospitali moja hapa Nairobi. Baada ya makato yote hubaki na shilingi 71,000 kwa mwezi. Mume wangu ni fundi wa vyuma pale Kamukunji. Mwezi mmoja mapato yake huwa mazuri, mwezi unaofuata huwa haba, kwa hiyo karo na kodi ya nyumba tunayoishi hunielemea mimi zaidi.

Kwa miaka kumi na mmoja nimeweka akiba katika Sacco ya kazini na sasa ina shilingi 800,000. Chama kinakubali kunikopesha mara tatu ya akiba hiyo, yaani shilingi 2,400,000, kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya salio linalopungua, nilipe kwa miaka mitano. Nina pia shilingi 350,000 katika benki. Ninataka kuanza kupata kodi kabla sijastaafu, lakini ushauri ninaopewa ni mwingi na kila mmoja anavuta upande wake.

Mume wangu ana ploti ya futi 50 kwa 100 huko Joska, aliyoinunua 2017, na hati miliki iko kwa jina lake. Fundi ametupa makadirio ya shilingi 2,700,000 kwa bedsita nane, na majirani wa huko hutoza kodi ya shilingi 5,500 kwa kila moja. Dada yangu anasema niachane na mambo ya mjengo, ninunue nyumba ya chumba kimoja cha kulala Ruaka ambayo bado haijajengwa: bei ni shilingi 3,800,000, ninalipa asilimia 20 mwanzo na salio kwa miezi 36, na muuzaji anasema itapangishwa kwa shilingi 28,000. Kaka yangu naye ana chama cha watu watano wanaotaka kununua ploti ya vyumba kumi Kayole yenye wapangaji tayari, kwa shilingi 4,500,000. Wananiomba niwe wa sita na nitoe 750,000. Anasema stakabadhi iliyopo ni barua ya mgao tu, bila hati miliki, lakini eti mtaa mzima uko hivyo na hakuna aliyewahi kusumbuliwa.

Nishike ipi? Je, si afadhali nitafute ule mkopo wa nyumba wa benki wenye riba ya chini ya asilimia 10 ninaousikia redioni? Nikijenga kwenye ploti ya mume wangu kwa mkopo wangu, mimi nitakuwa na haki gani? Na Mamlaka ya Ushuru itanidai nini? Nakuomba unijibu mapema, kwa maana fomu ya mkopo iko mkobani tangu wiki jana na wafanyakazi wenzangu wanne wamekwisha kutia sahihi kama wadhamini.

Mama Pacha,
Umoja, Nairobi

JIBU

Mama Pacha, salamu zako zimefika, na ninakushukuru kwa kuleta barua yenye tarakimu. Wengi huniuliza kama nyumba za kupangisha zina faida bila kunieleza wanapata nini wala wanadaiwa nini, na swali la namna hiyo halijibiki.

Nitaanza na fomu iliyo mkobani, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Mkopo wa shilingi 2,400,000 kwa masharti uliyoyataja utalipwa kwa takriban shilingi 53,400 kila mwezi. Ukitoa kiasi hicho kwenye 71,000 zako, utabaki na shilingi 17,600 za karo, kodi, chakula na nauli ya kutoka Umoja. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo huenda mwajiri wako akaikataa fomu hiyo hata kabla ya Sacco kuitazama. Usisononeke akifanya hivyo. Najua jibu uliloliandaa: wapangaji wanane wa 5,500 wanaleta 44,000. Ni kweli, lakini hata vyumba vyote vikijaa kodi hiyo haifikii marejesho, na havitajaa siku ya kwanza. Mpangaji hana mkataba na Sacco. Aliyetia sahihi ni wewe, na payslip yako ndiyo itakayokatwa mwezi wa vyumba vinane vitupu sawasawa na mwezi wa vyumba vinane vilivyojaa.

Hili nalisema kwa uchungu wa mtu aliyeungua. Mwaka 2016 nilimaliza vyumba sita kando ya Barabara ya Kangundo, nikavipaka rangi ya krimu, nikabandika bango langoni na kungoja. Watu walikuja, tena wengi, hasa Jumapili mchana. Kila mmoja aliingia, akatazama dari, akasifu vigae, kisha akaenda kwenye sinki na kufungua mfereji. Mfereji ulikohoa mara mbili, ukatoa upepo, ukanyamaza. Hakuna aliyenigombeza, waliniambia tu kwamba watapiga simu. Kwa miezi mitano nilikuwa na mpangaji mmoja, kijana wa bodaboda ambaye alikuwa akioga kwa dadake, na marejesho yote ya mkopo yalitoka kwenye mshahara wangu. Bomba la maji lilikuwepo, nami nilikuwa nimelilipia. Kilichokosekana ni maji ndani yake, na tangi nililoweka lilikuwa dogo mno kwa siku nne za mgao wa maji.

Sasa nizitazame njia zako tatu, nikianza na ile ninayoikataa bila kusitasita, ya Kayole. Kaka yako hana nia mbaya, na ni kweli kwamba katika baadhi ya mitaa ya mashariki ya Nairobi watu wamekaa miaka mingi na kukusanya kodi wakiwa na barua ya mgao peke yake. Lakini kukaa ni jambo moja na kumiliki ni jingine. Mnamo Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisema kwamba barua ya mgao haimpi mtu umiliki wa ardhi. Ni ahadi tu ya kumpa, mpaka atimize masharti yake na kusajiliwa. Miezi michache kabla ya hapo, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema kwamba hata hati miliki kamili haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Ikiwa mwenye hati anaweza kupoteza, mwenye barua asimame wapi?

Kuna jambo lingine ambalo wenye kukopa katika Sacco hawalifikirii. Ukienda benki kuomba mkopo wa kununua ploti ile, benki itaituma stakabadhi kwa wakili wake, na wakili atairudisha kesho yake. Benki ikikukatalia kwa sababu hiyo huwa imekufanyia uchunguzi wa bure. Sacco haitauliza chochote, kwa sababu dhamana yake ni akiba yako na ya wenzako wanne, haina haja na hati ya Kayole. Urahisi wa mkopo wa Sacco ndio unaotufanya tununue vitu ambavyo hakuna aliyevikagua.

Ruaka ni hadithi nyingine, na siwezi kusema kwamba dada yako amepotoka. Nyumba ya ghorofa haina usumbufu wa fundi wala wa shimo la maji taka, na tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 ianze kutumika, mnunuzi anaweza kupata hati ya nyumba yake mwenyewe ndani ya jengo. Hesabu ndiyo inayonizuia. Mkopo wote pamoja na akiba ya benki ni shilingi 2,750,000. Bado utapungukiwa na 1,050,000, na kwa miezi 36 utakuwa ukilipa Sacco 53,400 bila kupokea kodi hata ya siku moja. Tuseme jengo limekamilika kwa wakati, jambo ambalo ningelihesabu kuwa zawadi. Kodi ya 28,000 ni shilingi 336,000 kwa mwaka. Toa ada ya huduma, ambayo nimeikadiria 3,500 kwa mwezi, utoe na ushuru wa asilimia 7.5, unabaki na shilingi 268,800, yaani kama asilimia 7 ya bei uliyonunua, kabla ya kuhesabu mwezi hata mmoja wa nyumba kukaa tupu. Unakopa kwa asilimia 12 kwa mwaka ili upate asilimia 7. Watu hufanya hivyo wakitumaini kwamba bei ya nyumba itapanda na kuziba pengo. Huenda ikapanda, lakini matumaini hayo ni ya mtu mwenye fedha zake mkononi. Kama siku moja utakuwa nazo na bado utaipenda Ruaka, mtake muuzaji akuonyeshe hati ya ardhi yote, ufanye upekuzi rasmi kwenye masjala kujua kama imewekwa rehani, na fedha zako zishikwe na wakili hadi hatua zilizoandikwa kwenye mkataba zitimizwe.

Kuhusu mkopo wa benki wenye riba nafuu unaousikia redioni, mara nyingi huo ni ule unaofadhiliwa kupitia Kampuni ya Kenya ya Kufadhili Rehani, iliyoanzishwa 2018 ili kuzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu. Umekusudiwa mtu anayenunua nyumba ya kuishi mwenyewe, na wewe unatafuta ya kupangisha. Mikopo mingine ya benki hufuata mwelekeo wa Benki Kuu, ambayo kiwango chake cha riba kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikafika asilimia 13 Februari 2024, kisha kikaanza kushuka Agosti mwaka huo. Waliokopa kwa riba inayobadilika walishtukia marejesho yamepanda katikati ya safari, bila wao kuongeza hata jiwe moja kwenye nyumba. Kwa mtu wa kipato chako, Sacco yako bado ndiyo mlango mzuri zaidi. Kinachohitaji kupunguzwa ni kiasi.

Kwa hiyo ninakuelekeza Joska, lakini kwa vyumba vinne, si vinane. Ardhi mnayo na mmekwisha kuilipia, na hiyo ndiyo sababu kodi ndogo ya 5,500 inaweza kuleta mapato yenye maana kuliko 28,000 za Ruaka. Kopa shilingi 1,500,000. Marejesho yatakuwa karibu 33,400 kwa mwezi, nawe utabaki na takriban 37,600 mkononi hata kama hakuna mpangaji. Vyumba vinne vikijaa vinaleta 22,000, hivyo unaongezea 11,400; vikijaa viwili unaongezea 22,400. Ni kubana mkanda, lakini ni mkanda unaokutosha. Kwenye zile 350,000 toa 200,000 ziingie kwenye ujenzi, na 150,000 zisiguswe kwa lolote, wala harusi wala simu mpya. Hizo ni marejesho ya miezi minne na ushee, endapo yatakupata wewe yaliyonipata mimi.

Makadirio ya fundi nimeyasoma kwa shaka. Ametaja mawe, simiti, nondo na mabati, lakini katika uliyoniandikia sioni kuchimba udongo mweusi, sioni shimo la maji taka, sioni kuvuta umeme, na sioni ada za vibali. Sehemu kubwa ya Joska ina udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na msingi ukiwekwa juu yake kuta zitafuata tabia hiyohiyo. Lazima uchimbwe na kuondolewa hadi ufikiwe mwamba, kisha pajazwe mawe na muramu, na malori ya kuubeba si haba. Mwambie fundi achimbe shimo moja la majaribio mkiwa mmesimama hapo, mpime kina kwa futi kamba, ndipo mzungumzie bei. Na kwa kuwa mzee wa nyumba ni fundi wa vyuma, milango, fremu za madirisha na geti viondolewe kabisa kwenye makadirio hayo. Atavitengeneza Kamukunji katika ile miezi ya kazi haba, nawe utamlipa bei ya vyuma tu. Huo ndio mchango wake, na uandikwe.

Mpangilio wa ploti uchorwe tangu mwanzo kwa vyumba vinane. Shimo la maji taka, bomba na nguzo ya umeme viwekwe mahali ambapo vinne vya baadaye havitavibomoa. Tangi lisiwe la kuokoteza.

Kabla ya jiwe la kwanza, angalieni ardhi hiyo imesajiliwa kwa matumizi gani. Ploti nyingi za upande huo zilikatwa kutoka mashamba makubwa, na matumizi yaliyosajiliwa bado ni kilimo. Kujenga nyumba za kupangisha kunahitaji kubadilisha matumizi hayo na kuidhinishiwa ramani na Kaunti ya Machakos, kwa mujibu wa Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Utawasikia watu wakisema hakuna anayefuata hayo Joska. Wanaosema hivyo huwa hawapo siku alama nyekundu ya X inapopakwa ukutani. Fanyeni pia upekuzi mpya wa hati, hata kama ilinunuliwa 2017, na mpimaji awaonyeshe mabikoni, yaani alama za mipaka. Nimeona nyumba nzuri imesimama futi sita ndani ya ploti ya jirani.

Sasa niingie katika swali uliloliuliza kwa sauti ya chini, la haki yako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwamba mwenzi akichangia kuboresha mali ambayo si mali ya ndoa, anapata haki katika mali hiyo kulingana na mchango wake. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza wazi kwamba ndoa haimpi mtu nusu ya mali moja kwa moja. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Kwa hiyo risiti za simiti, za mawe na za malori zitoke kwa jina lako, malipo yapite kwenye simu au akaunti yako, na taarifa ya mkopo wa Sacco ihifadhiwe pamoja nazo. Lakini mimi nisingeridhika na risiti. Ningemwomba mzee, kwa heshima na kabla fedha hazijatoka, kwamba hati isajiliwe kwa majina yenu wawili. Mwanamume anayetaka mkewe akope 1,500,000 kwa ajili ya ploti yake hapaswi kuona ombi hilo kuwa ni tusi, na akiliona hivyo, ni heri ujue sasa, fomu ikiwa bado mkobani. Yeye pia ana la kulinda, kwa kuwa ardhi ni jasho lake; ndiyo maana nimesema mchango wake uandikwe.

Ushuru hautakusumbua sana ukiuelewa. Kodi ya wapangaji wa nyumba za kuishi inayofika kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, bila kutoa gharama zozote, na hulipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba vyako vinne vitaleta 264,000, chini ya kiwango hicho. Wengi hudhani kwamba hapo wamesamehewa. La, mapato hayo hutangazwa kwenye ritani ya kila mwaka pamoja na mapato mengine ya mwenye mali, isipokuwa hapo unaruhusiwa kutoa gharama kwanza, ikiwemo riba ya mkopo uliojengea nyumba. Riba yako ya mwaka wa kwanza itakuwa karibu 167,000, kwa hiyo kitakachobaki cha kutozwa ni kidogo. Vyumba vikifika vinane mtahamia kwenye ile asilimia 7.5, ambayo kwa kodi ya 528,000 ni shilingi 39,600 kwa mwaka.

Vinne vya pili vije lini? Sitakupa tarehe. Vije baada ya vinne vya kwanza kukaa na watu kwa mwaka mzima, mkijua maji huja siku gani, nani hulipa mapema na nani huzima simu ikifika tarehe 5.

Fomu iliyo mkobani usiipeleke. Wenzako wanne walitia sahihi wakiona shilingi 2,400,000, yaani 1,600,000 zinazozidi akiba yako na ambazo wangezibeba wao kama ungeshindwa. Chukua fomu mpya, andika 1,500,000, uwaendee mmoja mmoja na kuwaambia kwamba mzigo wao umeshuka hadi 700,000. Yule atakayeuliza maji ya Joska yanatoka wapi, mpe nafasi azungumze. Huenda ana ploti huko.